Usinyamaze Mbele ya Mganga wa Macho



Kila siku ya kupima macho naona jambo moja. Wagonjwa wamekaa juu ya mabenchi tangu alfajiri. Wengine wametembea siku mbili, wakishikwa mkono na mjukuu. Wakiwa nje wanaulizana maneno mengi. Je, nitapofuka? Je, mganga atalitoa jicho langu nje, kisha alirudishe? Je, miwani inaharibu macho? Lakini wakiingia ndani, maneno yote yanakauka kinywani. Mganga anatazama kwa taa yake, anaandika katika karatasi, anasema maneno machache. Mgonjwa anajibu, "Ndiyo, mganga." Kisha anatoka, ananishika mkono mlangoni, na kuniuliza, "Mwalimu, amesema nini?"

Ndugu msomaji, wewe unaita kunyamaza huku adabu. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, nami nasema kunyamaza huku kumepofusha watu. Nataka kukuonyesha jinsi gani, kisha nikupe maswali ambayo yafaa kila mgonjwa amwulize mganga wa macho, hata kama ni maswali magumu.

Chupa moja ya dawa

Sikilizeni kwanza habari ya mzee mmoja wa kanisa. Jina lake silitaji. Mambo haya yalitokea zamani, katika hospitali nyingine, nilipokuwa bado kijana katika kazi.

Mzee huyu alikuwa akijigonga kwenye miimo ya milango. Mtu akimsalimu kutoka kando, hakuitika, na watu wakaanza kusema kwamba amekuwa na kiburi. Alipokuja kwetu, mganga aliona ana glakoma, ndiyo ugonjwa wa presha ndani ya jicho. Jicho la kushoto lilikuwa karibu na giza. La kuume lilikuwa bado zuri katikati. Mganga akaagiza dawa ya matone. Mimi ndiye niliyemkabidhi chupa. Nilimwambia, "Tia tone moja asubuhi na moja jioni." Watu walikuwa wengi, nikamwita anayefuata.

Mzee alitii. Alitia tone asubuhi na jioni bila kukosa hata siku moja, mpaka chupa ikaisha. Macho hayakumwuma, basi akasimama kanisani akamshukuru Mungu kwamba amepona. Baada ya mwaka na zaidi alirudi, akiongozwa na mjukuu wake. Jicho la kuume nalo lilikuwa limekwisha. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, dawa iliisha, nami nilifikiri ugonjwa umeisha pamoja nayo. Nilitaka kuuliza, lakini niliona mna kazi nyingi."

Glakoma ni ugonjwa wa maisha yote. Dawa yake hutiwa kila siku, miaka yote, hata kama jicho haliumi. Yule mzee alihitaji swali la maneno matatu tu: "Dawa mpaka lini?" Yeye hakuuliza, nami sikumwambia. Kosa lilikuwa langu kwanza, maana mimi nilijua na yeye hakujua. Lakini aliyebaki gizani ni yeye.

Sababu tatu za kunyamaza

Watu wananipa sababu tatu.

Wa kwanza anasema, "Kumwuliza mkubwa ni kumdharau." Ndiyo, wazazi wetu walitufundisha heshima, na fundisho hilo ni jema. Lakini tazama: ukienda kununua mbuzi, unauliza umri wake, unafungua kinywa chake, unatazama miguu yake. Mwenye mbuzi hakasiriki. Je, jicho lako halipiti mbuzi? Uliza kwa sauti ya upole, sema "tafadhali, mganga," na heshima yako itabaki nzima.

Wa pili anasema, "Mkristo anayeuliza sana amekosa imani." Ndugu, soma Injili tena. Bartimayo alikuwa kipofu kando ya njia, na watu wengi walimkemea anyamaze. Hakunyamaza, alizidi kupaza sauti. Naye Bwana alisimama, akamwuliza anataka afanyiwe nini, ingawa kila mtu aliona kwamba ni kipofu. Alitaka asikie neno kutoka kinywa chake mwenyewe.

Soma tena Marko 8, habari ya kipofu wa Betsaida. Bwana alimwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Mtu yule angaliweza kusema kwa adabu, "Ndiyo, Bwana, naona vizuri, asante." Hakusema hivyo. Alisema kweli, ya kwamba watu anawaona kama miti inayotembea. Kwa sababu alisema kweli, aliwekewa mikono mara ya pili, akaona vyote wazi. Wagonjwa wangapi wanaiona miti, nao wanamwambia mganga kwamba wanaona watu! Wanaogopa kumhuzunisha. Hivyo wanarudi nyumbani na nusu ya uponyaji.

Wa tatu anasema, "Mimi sikusoma, nitauliza nini?" Huyu namjibu kwa habari ya London. Zamani, mtu aliyepasuliwa mtoto wa jicho alitolewa lenzi iliyochafuka, akabaki bila lenzi, akavaa miwani minene sana. Husimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja alikuwa akitazama mganga Harold Ridley akipasua. Akauliza kwa nini ametoa lenzi na hakuweka nyingine mahali pake. Lilikuwa swali ambalo hata mtoto angeweza kuuliza. Mwaka wa 1949 Ridley alitia lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa, mara ya kwanza kabisa. Leo watu wengi sana duniani, hata hapa kwetu Kongo, wanaona kwa lenzi za namna hiyo. Basi usidharau swali lako.

Jicho ni kama nyumba

Ili uulize vizuri, jua kidogo jinsi jicho lilivyo. Mbele kuna kioo safi, kama dirisha. Nyuma yake kuna mboni, tundu jeusi, ndio mlango wa nuru. Nyuma ya mboni kuna lenzi inayokusanya nuru. Mwisho, ukutani kwa nyuma, kuna ngozi nyembamba inayopokea nuru, na mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo. Dirisha likipata kidonda, huoni vizuri. Lenzi ikichafuka, huoni vizuri. Mshipa ukifa, huoni. Magonjwa haya si mamoja, wala dawa zake si moja.

Sasa maswali yenyewe.

1. "Ugonjwa wangu unaitwaje, na uko mahali gani katika jicho?"

Usikubali kurudi nyumbani na neno "macho" tu. "Macho" si jina la ugonjwa. Omba jina liandikwe katika karatasi yako, hata kama hujui kusoma. Siku nyingine utakutana na mganga mwingine, naye atasoma.

2. "Nuru niliyopoteza itarudi ama haitarudi?"

Hili ni swali gumu kupita yote. Mganga mwenyewe pengine analiogopa, kwa kuwa anakuhurumia. Uliza tu, maana kila ugonjwa una jibu lake.

Kama ni mtoto wa jicho, lenzi imechafuka, mara nyingi kwa sababu ya uzee. Ugonjwa huu ndio unaopofusha watu wengi kupita yote duniani, na mara nyingi nuru inarudi kwa upasuaji. Hakuna matone wala majani yanayousafisha. Anayekuuzia matone ya mtoto wa jicho sokoni anakula faranga zako bure.

Kama ni glakoma, nuru iliyokwenda haitarudi. Dawa au upasuaji hulinda ile iliyobaki. Ndiyo maana kuchelewa ni hasara kubwa.

Kama ni upofu wa mtoni, uliletwa na minyoo midogo sana inayoenezwa na nzi wadogo weusi wa mito inayokwenda kwa nguvu. Inchi yetu inaujua sana ugonjwa huu. Mwaka wa 1930 mganga Mbelgiji, Jean Hissette, aliukuta kando ya mto Sankuru katika Kasai, vijiji vikiwa na vipofu wengi. Tunayo dawa ya kuuzuia, ivermectin, ambayo watu huiita Mectizan. Tangu 1987 kampuni ya Merck iliahidi kuitoa bure kwa ugonjwa huu. Lakini dawa hii haimrudishii nuru yule aliyekwisha kupofuka kabisa. Imezwe mapema.

Na kama una miaka 40 na zaidi, na unaishika Biblia mbali kwa urefu wa mkono ndipo uone herufi, pengine huna ugonjwa. Lenzi imekuwa ngumu kwa umri. Miwani ya kusomea itakusaidia siku ile ile. Miwani haiharibu macho. Macho yanaendelea kubadilika, uvae ama usivae. Nimewaona mashemasi walioacha kusoma mbele ya kanisa miaka mingi kwa sababu ya aibu hii tu.

3. "Dawa hii mpaka lini? Ikiisha, nifanye nini?"

Hili ni swali la yule mzee. Uliza matone mangapi, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, na utapata wapi chupa nyingine. Uliza bei yake pia. Kama huwezi kulipa kila mwezi, sema wazi, usione haya. Katika glakoma mganga anaweza kufikiri juu ya upasuaji, kuliko kukupa dawa ambayo utaiacha.

Mwambie mwuguzi akuonyeshe namna ya kutia. Nawa mikono. Vuta kope la chini, tia tone moja, ncha ya chupa isiguse jicho. Funga jicho taratibu, ubonyeze kwa kidole pembeni, karibu na pua, dakika moja ama mbili. Kisha tia mbele ya mwuguzi, aone kama umejua.

Dawa ya upofu wa mtoni nayo ina swali hili. Watu wanasema, "Nilimeza mwaka jana, yatosha." Haitoshi. Dawa huua minyoo michanga, lakini mama yao anaishi mwilini miaka 10 hata 15, na anazidi kuzaa. Kwa hiyo meza kila mwaka, kadiri wagawaji wanavyokuja. Jambo moja tena: kuna mnyoo mwingine anayeonekana akipita katika weupe wa jicho. Kama umewahi kumwona, mwambie mgawaji kabla ya kumeza, maana watu wenye minyoo hiyo kwa wingi wanaweza kuumizwa sana na dawa hiyo.

4. "Na jicho la pili? Na ndugu zangu?"

Jicho moja huficha ugonjwa wa mwenzake. Hata leo nyumbani, funika jicho moja kwa kiganja, utazame mti wa mbali. Kisha funika la pili. Watu wengi wamegundua hivyo kwamba jicho moja lilikwisha kufa zamani, nao hawakujua.

Glakoma hutembea katika ukoo. Sisi watu weusi unatupata zaidi, tena mapema kuliko watu wengine. Kama baba yako ama ndugu yako wa tumbo moja anao, pimwa, ingawa unaona vizuri na huna maumivu. Glakoma iliyo ya kawaida haiumi. Inaanza kula pande za macho, na katikati inaacha mwisho.

5. "Mkinipasua, mtatoa nini, mtaweka nini, na hatari ni gani?"

Kwanza jua kwamba jicho halitolewi nje na kurudishwa. Hiyo ni hadithi ya barazani. Katika kupasua mtoto wa jicho, mganga anatia ganzi, anafungua mlango mdogo, anatoa lenzi iliyochafuka, anaweka ya plastiki. Mara nyingi mgonjwa mzima yuko macho, anasikia sauti, lakini hasikii maumivu.

Uliza, "Mtapasua jicho gani? Mtaweka lenzi? Nitaona kiasi gani? Nitahitaji miwani?" Uliza pia hatari, maana kila kisu kina hatari. Mara chache vijidudu huingia, na jicho linaweza kupotea. Mganga mwema hatakuficha. Uliza dalili za kukurudisha upesi. Nakuambia sasa: maumivu yanayozidi, wekundu unaozidi, usaha, ama nuru inayopungua. Ukiona moja ya hizo, rudi siku ile ile, usingoje siku uliyoandikiwa.

Wengine husema, "Ningoje mpaka jicho liwe jeupe kabisa." Neno hilo ni la zamani. Kama mtoto wa jicho amekuzuia kulima, kushona ama kutambua uso wa mtu, mwulize mganga kama wakati umefika. Lakini mtoto mchanga mwenye weupe ndani ya mboni asingoje hata kidogo. Pengine ni mtoto wa jicho, na ubongo wake hautajifunza kuona akicheleweshwa. Pengine ni kansa ya jicho, nayo huua. Mama, ukiona mboni ya mtoto inang'aa nyeupe, mlete wiki hii hii.

6. "Je, kuna dawa ninayotumia inayoumiza macho yangu?"

Lete hospitalini chupa zote na vidonge vyote. Wenye kifua kikuu wanaotibiwa kwa ethambutol wajue kwamba dawa hii huweza kuumiza mshipa wa jicho. Ukiona ukungu, ama rangi nyekundu na ya kijani zinachanganyika, mwambie mwuguzi mara moja, lakini usiache dawa kwa akili yako mwenyewe.

Kuna tena matone ya sokoni yanayoondoa wekundu upesi. Baadhi yake yana dawa ya jamii ya kortizoni. Jicho linapendeza kwa siku chache, lakini kidonda chini yake kinazidi. Yakitumiwa muda mrefu huleta glakoma na mtoto wa jicho.

Na kama ulimwendea mfumu akakutilia majani, ama ulitia mkojo ama maziwa, mwambie mganga. Najua unaogopa kugombezwa, zaidi kama wewe ni mshiriki wa kanisa. Lakini mganga asipojua kilichoingia jichoni, anatibu gizani. Sisi hatuketi hapa kukuhukumu.

7. "Je, kazi hii mnaiweza hapa, ama nitumwe mahali pengine?"

Swali hili linaonekana kama kumwaibisha mganga. Mimi naona ni swali la haki. Si kila hospitali ina mpasuaji wa macho ama chombo cha kupima presha ya jicho. Mganga mwenye hekima anajua mipaka yake. Kama jibu ni "nenda mbele," uliza, "Nifike kabla ya siku gani?" Kidonda cha dirisha la jicho hakingoji mwezi. Mtoto wa jicho wa mzee anaweza kungoja uvune mihogo yako, upate nauli.

8. "Ni nani aliyenifanyia hivi?"

Swali hili hamumwulizi mganga, mnalipeleka kwa mfumu usiku. Lileteni hospitalini! Wanafunzi wa Bwana nao waliuliza hivi, katika Yoane 9. Walitaka kujua kama kipofu yule alitenda dhambi, ama wazazi wake. Bwana alikataa kumtwika yeyote kati yao lawama, kisha akamponya.

Basi uliza, "Chanzo ni nini?" Utasikia majibu ambayo yataondoa chuki katika nyumba. Mtoto anayejigonga jioni jua likitua hakurogwa na shangazi. Mara nyingi amekosa vitamini A. Mpe mafuta mekundu ya mawese, sombe, lengalenga, papai, maembe. Usichemshe mawese mpaka yawe meupe, maana uzuri wake wote unaungua. Mlete pia hospitalini apewe dawa, na upesi sana kama ametoka katika surua. Na yule bibi kikongwe mwenye macho mekundu, ambaye vijana wanamnong'ona kuwa mchawi, amepika kwa kuni zenye moshi miaka 50. Kuna vikongwe waliouawa kwa sababu ya wekundu wa moshi. Kanisa likinyamaza juu ya jambo hili, damu yao itadaiwa mikononi mwetu.

Neno kwa sisi tunaovaa koti jeupe

Nimewahimiza wagonjwa, sasa nasema nasi waganga na wauguzi. Mgonjwa ananyamaza kwa kuwa anaona uso wetu. Tukiita "anayefuata!" kabla hajafunga kifungo cha shati, atauliza wakati gani? Tukijibu kwa Kifaransa cha kitabu, atajua nini? Nimemsikia mwuguzi akimwambia mama mmoja, "Wewe ni mganga? Nyamaza." Tumepewa mikono ya kuponya na kinywa cha kufundisha, na hiki cha pili hakihitaji mashine wala umeme.

Tangu siku ya yule mzee nina desturi moja. Simwachi mgonjwa wa glakoma atoke mpaka aniambie kwa kinywa chake mwenyewe: ugonjwa wake unaitwaje, dawa mara ngapi, mpaka lini. Akikosea, naanza tena. Hii inachukua dakika tatu. Wenzangu hunicheka kwamba naendesha katekisimo. Na wacheke.

Kabla ya kuja

Ndugu msomaji, fanya hivi. Jana yake, funika jicho moja moja, ujue lipi linaona na lipi halioni. Chagua maswali matatu katika haya, yale yanayokuhusu. Kama hujui kuandika, mfundishe mjukuu anayekuongoza, ayashike kichwani. Mganga akimaliza kusema, mwambie, "Tafadhali, mganga, nirudie nione kama nimesikia vizuri," kisha rudia. Kama bado unaona miti inayotembea, sema unaona miti.

Yule mzee aliishi miaka mingi baadaye. Alizidi kuja kanisani akiongozwa na mjukuu, akikaa benchi la mbele, akiimba kwa moyo. Hakunilaumu hata mara moja. Lakini kila mara aliposikia kwamba mtu wa kijiji anakwenda hospitali, alimwita na kumwambia, "Uliza mpaka lini."

Mwenzangu, uliza. Mungu aliyekupa macho ndiye aliyekupa na kinywa.